Kibao cha Mama Gedeo

Juzi mmoja wenu, kijana aliyefungua kibanda cha kuchaji simu karibu na soko, alinisimamisha akanionyesha bashe, turubai la tangazo, aliloagiza Goma. Limechapishwa na mashine. Lina picha ya simba, ya radi, ya simu kubwa na ya mwanamke wa kizungu anayecheka bila sababu, na maneno yaliyoandikwa humo ni mengi kuliko vitu vilivyomo kibandani. Akaniuliza, Papa Burashi, unalionaje? Nikamwambia ni zuri. Akaenda zake na furaha, nami nikabaki na kero ya mzee aliyedanganya kwa adabu. Basi leo nawaambia ninyi nyote kile kilichonibaki mdomoni, ili yeye asijione ameonewa peke yake.

Nimeandika vibao tangu ndevu zangu zilipokuwa bado za kutafutwa kwa kioo. Nimeandika vya maduka, vya makanisa, vya shule, nimeandika milango ya malori na mbao za chukudu, zile baiskeli za mti za kubebea mizigo, hata misalaba ya makaburini. Sasa mkono unatetemeka, na herufi O ikitoka kwangu inafanana na yai lililokaliwa, kwa hiyo nimeacha. Ninakaa hapa Hombo kando ya barabara, lakini kwetu ni Kingi, kule juu Masisi, na kazi nilijifunzia Masisi senta kwa mzee mmoja aliyeitwa Papa Bauma.

Nilipofika kwake nilidhani atanipa burashi siku ileile. Hakunipa. Alinipeleka sokoni, akaniambia nisimame kando ya wauza maharage, niseme neno moja kwa sauti ya kawaida, kisha niangalie nyuso za watu. Nikaona mzee amechoka akili. Lakini nilikuwa nakula kwake, kwa hiyo nilitii. Nikasema "nyama", watu wawili watatu wakageuka wakitabasamu. Nikasema "maziwa", mama mmoja akamtazama mtoto wake mgongoni. Nikasema "taxe", yaani ushuru, na wauzaji wote wa upande ule wakaanza kufunga vikapu vyao kabla hata hawajaona nani amesema. Niliporudi kumweleza, Papa Bauma alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaniambia maneno ambayo ndiyo shule yangu yote.

"Neno iko na mufupa, iko na mafuta," alisema. "Batu banakulaka mafuta. Mufupa banaachia imbwa."

Mfupa, alinieleza, ni kile kitu ambacho neno linakitaja. Ukimwuliza mwalimu, mfupa ndio atakaokupa. Mafuta ni vile moyo unavyofanya neno likiingia sikioni. Hayo hakuna anayekuandikia ubaoni, na hayako sawa kwa kila mtu wala kila kijiji. Mwandika vibao anayejua mfupa tu ataandika bila kosa hata moja, na duka litakufa.

Nitawapa mfano ili msidhani najitafutia ukubwa. Palikuwa na kijana mnyoaji pale Masisi senta, mkono wake mwepesi, wembe wake safi, kiti chake kina mto. Alitaka kibao chenye ukweli, akaniambia niandike HAPA TUNANYOA. Nikaandika, maana nilikuwa mgeni kazini na nilipenda herufi zenye miguu mirefu. Wateja wakaja, ndiyo, ila wote walikuja kutoka makaburini. Kwetu watu wakishazika wananyoa, na neno lile likiwa limesimama peke yake juu ya mlango, kila aliyelisoma alikumbuka mzee wake aliyemzika. Vijana wenye kutaka kupendeza walipita mbali, na yule mnyoaji akawa anashinda na watu wanaolia kwenye kiti chake, naye ni mtu wa huruma, akawa analia nao. Papa Bauma akanituma nikafute, akaandika mwenyewe COIFFURE MODERNE, mitindo ya kisasa ya nywele. Wembe ni uleule na kiti ni kilekile, lakini Jumapili iliyofuata vijana walipanga mstari kabla ya misa.

Na msifikiri kwamba neno la Kifaransa ndilo linaloponya kila kitu. Nilipohamia huku Hombo nilimkuta mtu anauza maziwa na jibini zinazoshuka kutoka kwetu. Kibao chake kilisema LAITERIE, duka la maziwa kwa Kifaransa, na watu wa hapa, wanaojua samaki na nyama ya msituni kuliko ng'ombe, walipita wakidhani ni ofisi. Nikampa neno moja: MASISI. Hakuna kitu kingine, neno hilo tu, rangi ya kijani. Watu wa Hombo wakilisoma walihisi majani, baridi na jibini. Lakini nilimwona mama mmoja aliyekimbia vita kule kwetu akisimama mbele yake, akalisoma, akakaza kitenge chake akaondoka haraka bila kununua. Neno lilikuwa lile moja. Wengine liliwaletea mate na yeye lilimletea kitu kingine ambacho sikuthubutu kumwuliza. Toka siku ile nikajua kwamba mafuta ya neno yanatoka kwa msomaji, mimi ninaleta sufuria tu.

Sasa kabla sijafika kwa Mama Gedeo, nisisikie mmoja wenu akisema hakufundishwa kupima. Neno halianzwi kushoto. Hesabu herufi zako, tafuta ile ya katikati, ipige alama katikati ya ubao, kisha toka hapo uende pande mbili. Nimewahi kuona BOUTIQUE LA PATIENCE, Duka la Subira, ambapo herufi za mwisho zilikosa nafasi, zikashuka ubavuni mwa ubao moja juu ya nyingine, na mwenye duka akawa anawaomba wateja wazunguke ili wasome. Alikuwa na subira kweli, huyo. Mistari ipigwe kwa kamba iliyopakwa mkaa, ubao upakwe nyeupe mara mbili kwa sababu ya unyevu wetu, na nyekundu usiiamini sana, ndiyo ya kwanza kukimbia jua. Mashine haitawaambia hayo, maana haitembei mvuani.

Mama Gedeo, basi. Jina lake la ubatizo ni Riziki, lakini hapa hakuna mama anayeitwa kwa jina lake mwenyewe. Ukizaa, unaitwa kwa mtoto wako wa kwanza, na baba vilevile. Riziki na mume wake walifika Hombo kutoka Burungu wakiwa na mtoto wa kiume, Gedeo, na binti mdogo, Esta. Mtaa mzima ukawajua kama Mama Gedeo na Papa Gedeo. Kijana mwenyewe alikuwa mrefu, mwenye kelele, mwenye njaa isiyo na saa. Alikuwa shule ya sekondari wakati homa ilipomchukua, na ilimchukua upesi sana, kabla watu hawajamaliza kuulizana kama anaumwa. Msalaba wake niliuandika mimi.

Baada ya mazishi likatokea jambo ambalo ninyi mmekwisha kuliona katika mitaa yenu, ila hamjalitazama. Hakuna aliyeitisha kikao, hakuna aliyetoa amri, lakini ndani ya wiki chache kila mtu alikuwa anamwita Mama Esta. Ni upendo uliofanya hivyo, msikosee. Mfupa wa neno "Mama Gedeo" ulikuwa bado wa kweli, alikuwa mama yake na ataendelea kuwa. Lakini mafuta yake yaliganda. Ukilisema mtu ananyamaza, ukilisema mbele yake unaona aibu kana kwamba umemkanyaga. Basi watu wakalizunguka kama wanavyozunguka shimo barabarani. Mume wake akapokea jina jipya bila neno, akawa Papa Esta. Mimi pia nikawa nawaita hivyo.

Halafu Riziki akafungua malewa, kibanda cha chakula, mbele ya nyumba yao pale karibu na daraja: bugali, sombe ya majani ya mihogo, maharage, na samaki siku za samaki. Mume wake alikuwa anapakia na kupakua malori, kazi ya leo ipo kesho haipo, kwa hiyo sufuria ile ndiyo iliyokuwa inawategemeza. Alikuwa amepika bila kibao kwa muda, na malori yalikuwa yanampita yakienda kula mbele. Siku moja akaja kwangu na ubao kichwani, ubao mzuri wa mti wa libuyu, akauegemeza ukutani akasema anataka plake, kibao cha mlangoni.

Nikafurahi, maana vibao vya chakula ndivyo nilivyovipenda kuliko vyote. Nikaanza kumpa maneno. Nikamwambia BON APPÉTIT, akasema hayo ni maneno ya watu wanaokula kidogo. Nikamwambia KULA USHIBE, akasema inafanana na amri ya mama mkwe. Nikamwambia CHEZ LA PATRONNE, yaani kwa bi mkubwa, akacheka mpaka akashika mlango, akauliza huyo patronne atatoka wapi. Kwa muda mrefu sikuwa nimemsikia akicheka, nikajiona fundi kweli. Ndipo aliponiambia ananipa maneno yake mwenyewe, na akayasema polepole kama mtu anayemwandikisha mtoto shule.

Nikaweka burashi chini. Nilimwambia kama fundi, kwa heshima yote, kwamba maneno hayo hayauzi chakula. Nilimweleza habari ya yule mnyoaji na wateja wake waliolia. Nikamwambia mtu akisoma jina lile atahisi kilio, na mwenye kuhisi kilio haagizi sahani ya pili. Nikamkumbusha kwamba Esta pia ni mtoto wake, na jina lake ni zuri na fupi, litakaa vizuri katikati ya ubao. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika.

"Papa Burashi," aliniambia, "mutoto njo alikufa. Mama Gedeo hakukufa. Iko hapa, anapika maharage."

Nilikuwa nimeshinda miaka yote nikipima mafuta ya maneno, na sikuwa nimewahi kumfikiria mtu ambaye neno limeondolewa akiwa bado yumo ndani yake. Nikauchukua ubao nikaanza kuupaka nyeupe.

Jioni hiyo mume wake akaja. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mikononi, mtu mkubwa wa kubeba magunia. Alijua habari za ubao. Hakumlaumu mkewe, wala hakunipandishia sauti. Aliniomba tu.

"Andika Mama Esta," alisema. "Ile jina ingine siwezi kupita chini yake kila siku. Inanichoma."

Nilimhurumia sana, nawaambia ukweli, na usiku ule nilikula kidogo. Kila mmoja alikuwa na haki. Neno lile lile lilikuwa mkate kwa mmoja na moto kwa mwingine, na wote wawili walikuwa wameolewa na huzuni moja. Lakini kazi yetu ina sheria yake: anayeleta ubao ndiye mwenye neno. Nilimwambia hivyo yule baba, akatikisa kichwa, akavaa kofia yake akaenda.

Kwa kuwa sikuweza kubadili neno, niliamua kulisaidia kwa kila kitu kingine nilichonacho. Hapa mnisikie vizuri, ninyi wa kompyuta. Nyeusi juu ya nyeupe sikuigusa, hiyo kwetu ni rangi ya misalaba. Niliandika kwa manjano ya ndizi mbivu na nikaizungushia kijani. Herufi nilizinenepesha, kwa sababu herufi nyembamba zina huzuni hata zikiandika harusi. Na pembeni nikachora sahani yenye mvuke, mvuke mwingi, mpaka Riziki akauliza kama chakula chake kinaungua. KWA MAMA GEDEO. Tulikipigilia misumari asubuhi, na mume wake hakuwepo. Kuanzia siku hiyo alikuwa anaingia nyumbani kwa nyuma, kupitia kwenye migomba.

Mwanzoni ikawa kama nilivyosema, na sikupenda kuwa sahihi. Majirani walifika mbele ya kibao wakapunguza sauti. Wamama wa kanisa waliingia wawili wawili, wakakaa wameinamisha vichwa, mmoja akaanza wimbo wa mazishi kwa kupumua tu. Mwingine alileta kapu la mihogo, akaliweka chini pasipo neno kama tunavyofanya tukienda kumpa mtu pole. Riziki alirudisha kapu mkononi mwa mwenyewe. Aliwaambia hapa si kwenye kilio, sombe ipo, maharage yapo, nani anaanza. Walikula, maana walikuwa na aibu kuondoka, lakini walikula kama wagonjwa. Maharage yakawa yanabaki, Esta akawa anayala asubuhi, mchana na jioni, akaniambia ameanza kuyaota. Nilikwenda kumwambia mama yake kwamba nina rangi nyeupe iliyobaki, nitafuta bila kumlipisha. Akasema tungoje. Lakini niliona ameanza kupika sufuria ndogo, na jioni nilimkuta amekaa mbele ya jiko akikitazama kibao, na nikajua amebakiwa na nafasi ya kungoja kidogo sana.

Kilichomwokoa ni tope. Mvua ilinyesha mpaka barabara ya Bukavu ikakatika, malori yakajipanga hapa Hombo toka darajani mpaka mlimani, na madereva wakawa na njaa na muda. Watu hawa hawakumjua Gedeo. Hawakuwa wamekuja kwenye mazishi yake. Kwao neno lile lilikuwa mfupa mtupu, jina la mtu fulani juu ya mlango wenye harufu ya mafuta ya mawese, nao wakaanza kulitia mafuta yao wenyewe. Walilisema kwa sauti ya madereva, kutoka lori hadi lori. Twende kwa Gedeo. Uniletee sahani kwa Gedeo. Leo kwa Gedeo kuna samaki. Majirani walikuwa wanashtuka kila mara, mama mmoja wa kanisa alikwenda kumkemea dereva, akashindwa kumweleza kosa lake ni nini.

Siku moja dereva mmoja mnene aliuliza Gedeo ni nani, ndiye mpishi? Nilikuwa nimekaa meza ya jirani. Watu wote wa mtaa waliokuwemo wakaacha kutafuna. Riziki akafuta mikono yake, akamjibu kwamba ni mtoto wake wa kwanza, alishakufa, na alikuwa mtu wa kugombania ukoko wa sufuria, alikuwa anaukwangua mpaka sufuria inalia na dada yake ananyimwa. Dereva alimpa pole kama inavyopasa. Halafu akauliza kwa upole kama leo ukoko upo. Upo, akasema Riziki. Akaukwangua, akaumiminia mchuzi wa samaki juu, na yule mtu akaula wote akaomba mwingine. Jioni ile lori la pili liliomba ukoko wa Gedeo, na la tatu, na mwishowe ilibidi wachome bugali kwa makusudi.

Barabara ilipofunguka, madereva walilichukua neno lile wakaenda nalo Bukavu upande mmoja na Walikale upande mwingine. Na hapa mtaani, baada ya kulisikia siku nzima likisemwa na midomo iliyoshiba, watu wakaanza kulisema nao, kwanza kwa kujikwaa, halafu bila kujikwaa. Mama yule wa kanisa nilimsikia mwenyewe akimtuma mtoto akanunue sombe kwa Mama Gedeo, akasema vile mtu anavyosema chumvi. Huzuni haikutoka, msinielewe vibaya, Riziki bado ana siku zake. Lakini ukilisoma neno lile sasa, kabla ya kaburi unanusa samaki, na hiyo sikuifanya mimi na mvuke wangu. Neno linabadilishwa mafuta kwa kutumiwa, hakuna njia nyingine, na neno linaloogopwa halipati nafasi hiyo.

Mume wake ndiye aliyechelewa. Miezi ilipita naye akawa bado Papa Esta, bado wa migombani, na mkewe hakumsukuma. Mpaka mchana mmoja nilikuwa nimekaa hapa barabarani na yeye akiwa ananishonea kamba ya kiti, lori lisilojulikana likasimama mbele yetu. Dereva akatoa kichwa dirishani akauliza, wazee, hapa mahali gani mtu anaweza kula vizuri. Mimi ni mwepesi wa kujibu, wote mnanijua, lakini siku hiyo niliuma ulimi. Yule baba aliweka kamba chini, akasimama, akaonyesha kwa mkono upande wa daraja.

"Kwa Mama Gedeo," alisema. Lori lilipoanza kuondoka, akalifuata hatua chache akigonga mlango wake kwa kiganja ili dereva asikie.

"Umuambie ni Papa Gedeo njo anakutuma."